Vigezo na masharti kuzingatiwa: Matangazo ya simu na mfuko wa mkulima wa Kigoma

Saa mbili usiku inapokaribia, mabanda ya video na baa ndogo za Kasulu mjini na Kibondo hujaa watu wanaosubiri taarifa ya habari. Wapo madereva wa malori, wapo wanunuzi wa maharage na muhogo, wapo wakulima waliolazimika kulala mjini kwa sababu basi la kijijini limeshaondoka. Wanachosubiri si siasa peke yake. Wanataka kusikia habari za bei, mvua, barabara na mpaka wa Burundi.

Wanachopata kwanza ni vijana wanaocheza muziki ufukweni, mchekeshaji anayepiga kelele na kuvunja vyombo, namba zenye nyota na alama ya reli, kisha sauti inayokimbia kana kwamba inafukuzwa: "Vigezo na masharti kuzingatiwa!" Likiisha linakuja la kampuni ya pili, ambayo nayo inadai ni nafuu kuliko zote, halafu la tatu. Habari zinaanza, dakika chache zinapita, na matangazo yaleyale yanarudi kwa mpangilio uleule. Mwenye banda hunyanyuka kupunguza sauti, kwa sababu tangazo siku zote husikika kwa nguvu kuliko msomaji wa habari.

Hilo la sauti si hisia tu. Watengenezaji wa matangazo huikandamiza sauti wakati wa kurekodi, ili hata maneno ya chini yapande yalingane na ya juu, na mwisho wake tangazo zima linakuwa kelele. Marekani ilitungia jambo hilo sheria mwaka 2010, iliyoanza kutumika Desemba 2012, ikitaka tangazo lisizidi sauti ya kipindi linachokikatiza. Kasulu dawa bado ni rimoti, kama ina betri.

Kero yenyewe ina umri. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, Mobitel, ilianza Dar es Salaam mwaka 1994, mwaka uleule ambao ITV ilianza kurusha vipindi. Zantel ilianza Zanzibar mwaka 1999, Vodacom ikaingia mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Kwa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), mwaka 2000 laini za simu za mkononi zilikuwa kama laki moja na elfu kumi nchi nzima. Mwaka 2005 zilikaribia milioni 3, na mwaka 2010 zilikaribia milioni 21. Kila laini mpya iligombewa, na ugomvi ulihamia kwenye luninga, redio, jezi za mpira na kuta za maduka. Kwa miaka mingi hata ligi kuu ya soka ilibeba jina la Vodacom.

Mwenye duka kando ya barabara kuu ya Kibondo aliyekubali ukuta wake upakwe rangi za Celtel alipakwa upya mwaka 2008 kampuni ilipogeuka Zain, na mara nyingine tena mwaka 2010 ilipogeuka Airtel. Ile Mobitel nayo ilipita jina la Buzz, ikawa Tigo, na tangu Novemba 2024 ni Yas. Kila jina jipya lilikuja na wimbo wake, mchekeshaji wake na ahadi zake, wakati mteja alibaki na namba ileile na mara nyingi mnara uleule.

Kwa nini kelele haziishi

Mtu aliyezoea soko la mazao anaweza kuielewa biashara hii bila shida. Dakika ya kampuni moja haina ladha tofauti na dakika ya kampuni nyingine, kama ambavyo gunia la maharage ya njano la Makere halijitofautishi na la Heru Juu likishafungwa. Mnunuzi anatazama bei na uhakika wa kupata mzigo. Kampuni isiyotaka kushindana kwa bei siku zote inabaki na njia moja, nayo ni kumfanya mteja aikumbuke kabla ya nyingine.

Kuna sababu nyingine iliyo ndani ya mitambo. Gharama kubwa ya kampuni ya simu hulipwa kabla mteja hajasema "haloo": mnara, leseni, umeme au dizeli ya jenereta, na mlinzi. Mnara ukishasimama, simu moja ya ziada haigharimu karibu chochote. Kwa hiyo mteja mpya ni faida karibu tupu, na tangazo lolote linalomleta huwa limejilipa. Mkulima hayuko hivyo. Gunia lake la kumi na moja linahitaji shamba, mbegu na palizi kama lilivyohitaji la kumi. Ndiyo maana mkulima hawezi kutangaza "nunua debe moja upate matatu bure" akabaki hai msimu ujao, na kampuni ya simu inaweza.

Kwa muda mrefu bei zilizotangazwa kwa mbwembwe, za shilingi na vipande vya shilingi kwa sekunde, zilikuwa za kupiga ndani ya mtandao mmoja. Ukipiga mtandao mwingine, kampuni yako ililazimika kuilipa ile inayopokea. Malipo hayo ya kuunganisha simu hupangiwa kiwango na TCRA. Machi 2013 yalikuwa Sh 34.92 kwa dakika, Januari 2018 yakashushwa hadi Sh 15.60, na yakaendelea kupungua kila mwaka hadi Sh 2.00 mwaka 2022.

Hapo ndipo bei zilipofunguka kweli, na haikuwa kazi ya mchekeshaji. Kenya iliona jambo hilo mapema. Agosti 2010 mdhibiti wa huko alipopunguza malipo ya kuunganisha kwa nusu, Zain ilishusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 za Kenya kwa dakika, na wengine wakalazimika kuifuata. Matangazo yalipiga kelele pande zote, lakini kilichofungua mlango ilikuwa karatasi moja ya mdhibiti ambayo haikuwa na muziki.

Laini tatu mfukoni

Kabla ya bei hizo kukaribiana, mfanyabiashara wa Kigoma alikuwa ameshatafuta dawa yake. Alinunua laini ya kila kampuni. Moja ya kuwapigia wanunuzi wa Kahama na Mwanza, moja ya familia, moja ya kupokelea pesa. Simu za laini mbili kutoka China zilipofika zilipokelewa kama mvua ya kwanza, ingawa nyingi zilikuwa bandia na TCRA ilizizima tarehe 16 Juni 2016. Wasio na laini nyingi walibipu. Kubipu kulikuwa na adabu yake: mwenye shida hubipu mwenye uwezo, mkulima hubipu mnunuzi, na mnunuzi akikubipu wewe unajua soko limemgeukia.

Mambo mawili yalipunguza haja ya kubeba laini lukuki. La kwanza ni makubaliano ya kutumiana pesa kati ya mtandao na mtandao, yaliyoanza mwaka 2014 kwa Tigo, Airtel na Zantel, na Vodacom kujiunga mwaka 2016. La pili ni ruhusa ya kuhama mtandao bila kubadili namba, iliyoanza Machi 2017. Kwa mfanyabiashara namba ni duka. Imeandikwa kwenye daftari la dalali wa Dar es Salaam, kwenye ubavu wa gunia, kwenye mlango wa ghala. Kumwambia anaweza kuhama nayo ni habari kubwa kuliko dakika mia za bure. Hata hivyo, huduma hiyo haikupigiwa debe kama zilivyopigiwa bahati nasibu, na si ajabu: kila kampuni ilikuwa na wateja wa kupata na wa kupoteza.

Bahati nasibu zenyewe zinajulikana. Tuma neno fulani kwenda namba fulani, ujishindie gari, pikipiki au milioni kadhaa. Afisa wa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyopo kwa Sheria ya mwaka 2003, huonekana amekaa pembeni mshindi akipigiwa simu, na mshindi hulia kwa furaha. Kisichosikika vizuri ni kwamba kila ujumbe unakatwa pesa, na kwamba gari hilo limenunuliwa na wale wote ambao simu zao hazikuita. Kijana wa bodaboda Kasulu anayetuma jumbe kumi kwa siku amenunua tiketi kumi, hata kama mkononi hana karatasi.

Hesabu ya dakika

Maneno "vigezo na masharti" hupita chini ya kioo kwa herufi ambazo kwenye luninga ya inchi 14, yenye chenga, zinafanana na siafu wanaotembea. Kwa mkulima, humo ndimo ilimo bei.

Tuseme kifurushi cha siku kinauzwa Sh 1,000 kwa dakika 40. Tangazo linasema, kwa haki kabisa, kwamba dakika ni Sh 25. Mkulima anajiunga asubuhi, anaongea na dalali dakika 7, na mnunuzi wa Kahama dakika 5. Jioni simu inaisha chaji, au mtandao unapotea baada ya mvua, na saa sita usiku dakika 28 zilizobaki zinafutika. Kwa mtu huyu dakika haikuwa Sh 25. Amelipa Sh 1,000 kwa dakika 12, ambayo ni zaidi ya Sh 83 kila moja. Huenda kifurushi kidogo, au kupiga bila kifurushi, kungemgharimu pungufu. Bei halisi ya kifurushi hupatikana kwa kugawa pesa uliyotoa kwa dakika ulizotumia, na namba hiyo haiwezi kuwekwa kwenye tangazo kwa sababu kila mtu ana yake.

Ndani ya Sh 1,000 hiyo kuna mgeni mwingine. Mwaka 2014 ushuru wa bidhaa kwenye huduma za simu uliwekwa asilimia 17, na juu yake huja Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Kwa viwango hivyo, karibu Sh 276 ya kila Sh 1,000 ni kodi, na kampuni inabaki na kama Sh 724 za mnara, mishahara, faida na yule mchekeshaji. Serikali ilijaribu pia kodi ya Sh 1,000 kwa mwezi kwa kila laini mwaka 2013, ikaachwa baada ya malalamiko.

Upande wa kutuma pesa mambo yako hivyohivyo. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008 na wenzake wakafuata. Kwa mkulima wa nyanda za juu za Kigoma, aliyezoea kumpa kondakta wa basi bahasha ya ada ya mtoto, faida yake haina ubishi. Lakini tangazo linaposema "tuma bure" linamsemea anayetuma. Anayepokea, ambaye mara nyingi ndiye mkulima aliyeuza, anakutana na ada ya kutoa kwa wakala. Julai 2021 Serikali iliongeza tozo ya kati ya Sh 10 na Sh 10,000 kwa muamala, ikaipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, na ikaendelea kuipunguza baadaye. Miezi ile wanunuzi wengi walirudi kubeba noti mifukoni, na barabara za Kigoma si mahali pazuri pa kubeba noti. Mkulima mwenye busara anauliza swali hili kabla hajapatana bei: ada ya kutoa ni juu ya nani?

Mnara hauji na tangazo

Kosa kubwa la matangazo haya, kwa msomaji wa Kibondo, ni kwamba yanazungumzia kitu ambacho si tatizo lake la kwanza. Yanabishana kuhusu bei ya sekunde. Chukua mkulima wa Makere mwenye magunia 10 ya kilo 100 ya maharage mwezi Juni. Mnunuzi aliyekuja na gari anampa bei fulani na anataka jibu sasa hivi. Mnunuzi wa pili, aliye Kasulu mjini, yuko tayari kuongeza Sh 100 kwa kilo. Tofauti ni Sh 100,000. Simu ya dakika mbili ingeileta nyumbani, hata kama dakika ingeuzwa Sh 500. Kinachomgharimu ni kupiga na kuambiwa namba haipatikani, hadi apande kwenye kichuguu au mlimani, na akirudi gari limeshapakia la jirani. Na kama gunia lilikuwa la lumbesa, hasara imeongezeka bila kuandikwa popote.

Kwa hiyo kwake kampuni bora ni ile yenye mnara unaoshika shambani, sokoni na kwenye barabara ya kwenda mjini. Habari hiyo haiko kwenye luninga. Iko kwa jirani.

Minara yenyewe haikufuata kelele. Vijiji vya mbali havina wateja wa kutosha kulipia mnara kwa haraka, na kampuni inayohesabu faida huvipita. Kwa sababu hiyo ulianzishwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), kwa sheria ya mwaka 2006, ambao hutoa ruzuku kwa kampuni zinazokubali kujenga kwenye kata zilizoachwa. Mei 2023 mfuko huo na kampuni za simu walisaini mikataba ya minara 758 katika kata 713 nchini. Halotel ya Viettel kutoka Vietnam, iliyoingia sokoni Oktoba 2015, ilichagua kuanza kwa kutandaza minara na nyaya vijijini, na wenye haraka ya mjini walilazimika kuigeukia shingo.

Umeme nao una sehemu yake. Hadi gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022, Kasulu na Kibondo ziliwashwa kwa jenereta za dizeli za TANESCO, na zilipozimwa luninga nayo ilikwenda. Waliobaki na habari walikuwa wenye redio ya betri, wakiwemo wasikilizaji wa Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 wakati wa wimbi la wakimbizi. Redioni tangazo la simu huwa fupi, na msikilizaji haoni ufukwe wala vigari vya kifahari. Kwa luninga, mkulima wa kwenye tangazo ana jembe jipya lisilo na udongo na shati lililopigwa pasi, na mahindi nyuma yake yamesimama kama gwaride. Wakulima wa Kibondo hucheka sana wanapomwona huyo, na pengine ndicho kipande pekee cha tangazo wanachokifurahia.

Wanakolalamika

Kuna milango ya kupeleka malalamiko. Tangazo linalopotosha ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Salio linaloyeyuka ni la TCRA, na lipo Baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano lenye kazi ya kumsemea mteja. Mwaka 2021 TCRA ilitoa masharti ya vifurushi, kwamba mteja ajulishwe anapofikia asilimia 75 na asilimia 100 ya matumizi, na asihamishiwe kwenye bei ya kawaida bila ridhaa yake. Bei mpya zilizoanza Aprili 2 mwaka huo zilizua kilio kikubwa, zikasitishwa siku hiyohiyo. Kilio kile kilitoka zaidi kwa vijana wa mijini wenye intaneti, lakini mkulima naye alinufaika.

Kinachomzuia mkulima kulalamika ni ushahidi. Ujumbe wa kujiunga unafutwa simu ikijaa, na tangazo la luninga halishikiki. Anayeandika kwenye daftari lake la mauzo tarehe, jina la kifurushi, pesa aliyotoa na dakika alizoahidiwa ana kitu cha kuweka mezani. Wasiofanya hivyo huishia kugombana na wakala, ambaye naye ni mfanyabiashara mdogo anayeishi kwa kamisheni na hana uwezo wa kurudisha hata shilingi.

Vijiji vya mpakani vina shida ambayo hakuna tangazo lililowahi kuigusa. Upande wa Mabamba, simu ikikosa mnara wa nyumbani inaweza kudaka wa Burundi, na mpigaji akajikuta kwenye bei za nje ya nchi. Viettel iko pande zote mbili, Halotel huku na Lumitel kule, lakini bili haijui undugu. Wazoefu wa soko la Mabamba hawasubiri ujumbe wa kukaribishwa Burundi. Wanatazama saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na saa ya simu inayojipanga yenyewe hufuata mnara ilioudaka. Ikionyesha saa tatu wakati jua linasema saa nne, mtu anaizima, anairudisha mfukoni na kutembea hatua mia kadhaa kuelekea Kibondo kabla hajampigia mnunuzi wake.